Herufi za Mama kwenye Kibodi

Mama alipoletwa Kibiti alikuwa hawezi tena kusema. Walimtoa kijijini kwake Mbuchi kwa boti ya mashine, wakampokea bandarini, wakampandisha nyuma ya pikapu iliyopakia matenga ya samaki wakavu, na jirani yake mmoja akaja amempakata kichwa njia nzima. Huyo jirani ndiye aliyenieleza kwamba Mama alianguka shambani akipalilia mpunga, na tangu hapo upande wake wa kulia ulilala na ulimi ukawa kama si wake. Hospitali wakasema ni kiharusi. Wakamlaza siku tisa, kisha wakaniambia nimchukue nyumbani, nimpe dawa za presha na kumnyoosha viungo asubuhi na jioni. Daktari alisisitiza jambo moja: akili yake ni nzima. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu.

Nyumbani maana yake ni kwangu, chumba cha nyuma ya duka langu, pembeni mwa stendi.

Duka lenyewe lilikuwa la kupiga chapa. Nilikuwa karani wa taipu katika ofisi moja Dar es Salaam kwa miaka kumi na miwili, hadi ile miaka ya ruksa, ya soko huria, ilipoingia, watu wakaanza kupunguzwa makazini, na siku moja jina langu likasomwa. Sikulia. Nilirudi pwani ya kwetu na taipu ya mkono, nikapanga chumba Kibiti, nikaandika kwenye ubao: TUNACHAPA BARUA, MIKATABA, MIHTASARI. Baadaye nikapata kompyuta iliyokwisha kutumika na jenereta ndogo, maana umeme haukuwa umefika. Nilichapa maombi ya kazi ya vijana, hati za kuuziana mashamba ya mikorosho, mitihani ya shule za msingi. Mikono yangu ilikuwa na kasi. Watu walisimama mlangoni kunitazama ninavyochapa bila kuangalia vidole.

Lakini herufi nilizozijua zilikuwa za namna moja tu.

Nilipokuwa na miaka saba nilipelekwa Bungu kwa mama mkubwa ili nisome shule. Chuoni kwa Mama, ambako alikuwa akiwafundisha wasichana wa kijijini Kurani ukumbini kwake, nilikuwa nimefika tu kwenye herufi zinazoshikana. Sikurudi tena kuendelea. Mama aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kama mama yake alivyoandika, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, umelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Maofisa wa kisomo cha watu wazima walipofika Mbuchi wakampa kitabu, akakitazama, akawaambia herufi hizi hazijui. Wakamwandika kwenye orodha ya wasiojua kusoma. Alinisimulia kisa hicho mwenyewe, akicheka. Mimi sikucheka, wala sikumtetea. Moyoni nilikuwa upande wa wale maofisa.

Barua zake zilinifikia Dar es Salaam zikiletwa na wasafiri. Kila ilipofika moja nilimuuliza aliyeileta, habari za huko? Akinijibu kuwa wazima, niliikunja barua nikaiweka. Nilijiambia nitatafuta mtu wa kunisomea.

Sasa Mama alikuwa ndani ya chumba changu na hana ulimi. Alitoa sauti moja tu, nzito, ya kooni, na alipoona sielewi aliinyamazisha mwenyewe. Nilimpa penseli ashike kwa mkono wa kushoto. Aliandika herufi nne au tano kwenye karatasi, zikatoka zimepinda, hazijafungana, kama za mtoto. Akaziangalia kwa muda, kisha akaisukuma karatasi ikaanguka chini. Nilipojaribu tena siku ya pili alifumba macho.

Kwa kuwa sikuweza kumwacha peke yake, kila asubuhi nilimkalisha dukani kwenye kiti chenye mikono, nimemwegemeza mito, naye akawa ananitazama kazini. Siku moja, mteja akiwa ametoka, alikinyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto akabonyeza kitufe kimoja. Herufi ikatokea kwenye skrini. Akaangalia skrini, akaangalia kibodi, kisha akapita na macho mstari kwa mstari, taratibu, kama mtu anayemtafuta wa kwao kwenye umati. Akafika mwisho. Akaurudisha mkono pajani.

Hapo nilielewa alichokuwa akitafuta, na kwamba hakukipata.

Mwalimu wa chuo cha Kurani cha hapo Kibiti alikuwa mteja wangu. Alikuja kuchapisha vyeti vya watoto waliohitimu. Nikamuuliza kama kompyuta inaweza kuandika Kiarabu. Akasema inaweza, ameona kwa macho yake duka moja Dar es Salaam. Wiki ile ile nilimwomba jirani akae na Mama, nikalifunga sanduku la kompyuta kwa kanga mbili, nikaenda nalo mjini.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi sikio moja. Alinisikiliza nilipomweleza habari za Mama, wala hakunikatiza. Alifungua sehemu ya mipangilio, akanionyesha mahali pa lugha, akaongeza Kiarabu. Pembeni chini ya skrini kikatokea kijialama chenye herufi mbili. Akanifundisha: ukibonyeza vitufe hivi viwili kwa pamoja, mashine inahama lugha, ukibonyeza tena, inarudi. Niliandika kila hatua kwenye daftari, kama nilivyozoea kuandika maagizo ofisini.

Alipojaribu kuandika, herufi zilitoka moja moja, kila moja imesimama peke yake. Hata mimi nisiyejua nilijua hivyo sivyo.

"Zinatakiwa zishikane," nikasema.

"Mashine yako haina mafaili ya lugha zinazoanzia kulia," fundi akajibu. "Inataka sidii yake, ile diski ya programu. Kaa, dada, usiwe na haraka."

Nilikaa hadi alasiri. Sidii ilizunguka, mashine ikazimwa na kuwashwa mara tatu, na ilipowaka mara ya mwisho akaandika neno moja na herufi zikashikana mikono. Nilishusha pumzi. Lakini jambo lilikuwa bado. Waarabu hawana pe, hawana che, na Mama huandika pembe, huandika pwani, huandika chumvi. Fundi akafikiri, kisha akasema Waajemi wanazo. Akaongeza na lugha yao. Kwa hiyo nilirudi Kibiti na kibodi moja yenye lugha tatu ndani yake, na sikujua hata moja kati ya mbili mpya.

Mwalimu wa chuo aliniandikia herufi kwa wino mwekundu kwenye vipande vidogo vya karatasi. Nikavikata, nikavibandika juu ya vitufe kwa utepe unaopitisha mwanga, kila kimoja mahali pake, nikifuata karatasi aliyonichorea fundi. Kwanza tulidhani lugha ya Waajemi ingetosha peke yake, kwa kuwa ina herufi zote. Mwalimu akinielekeza, nikamwandikia Mama neno "mimi" kwa ukubwa wa kujaza skrini. Akasogea mbele, akagusa kioo chini ya herufi ya mwisho, mara mbili. Sikuelewa. Mwalimu ndiye aliyeelewa.

"Anadai nukta zake," akasema. "Ile herufi 'ya' ya Waajemi haina nukta mwishoni mwa neno. Mama yako haandiki hivyo."

Basi tukamwachia Kiarabu, na alipohitaji pe au che nilihama lugha kwa mkono wangu, nikambonyezea, nikarudi. Aliponiinulia kidole nilijua anaitaka mojawapo.

Siku ya kwanza niliwasha jenereta saa nne asubuhi. Mama akaanza na bismillahi, nzima, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja. Hiyo niliitambua kwa umbo lake. Ilimchukua muda mrefu, jasho likamtoka juu ya mdomo, nami sikuthubutu kumsaidia. Akapumzika. Kisha akaandika maneno mawili mengine, akaniangalia, akangoja.

Nilikuwa mpiga chapa mwenye miaka kumi na miwili ya ofisi, na mama yangu aliniandikia maneno mawili nisiweze kuyasoma. Nilimwambia, "Subiri, Mama," nikatoka mbio kumtafuta mwalimu.

Alikuja, akainama mbele ya skrini, akasoma: "Nataka mtu."

Nilimpigia magoti Mama nikamuuliza ni mtu gani. Kaka? Akafumba macho. Mimi nikaichukua ile kuwa ndiyo.

Kaka yangu alikuwa akikaa Nyamwage, ng'ambo ya mto, ana genge lake la matunda barabarani. Daraja lilikuwa bado halijaisha, watu wakivuka kwa kivuko, na salamu zangu zilimfikia baada ya siku mbili. Alikuja na mkungu wa ndizi na kanga mpya ya Mama. Mama alimshika mkono, akautia shavuni kwake, akakaa nao hivyo muda mrefu. Tukaona tumefanikiwa. Kesho yake asubuhi akaomba kibodi, akaandika maneno yale yale mawili.

"Mimi hapa, Mama," kaka akasema. "Nimekuja."

Mama akatikisa kichwa.

Tulimwita shangazi. Tuliwaita wanawake wawili wa Mbuchi walioolewa Kibiti. Kila mmoja alikuja, akamshika mkono, akamsomea dua, na kila alipoondoka Mama aliandika maneno yale yale mawili, bila kuongeza, kama anayengoja tuyasome vizuri. Kaka alirudi Nyamwage, hakuwa na mtu wa kumwachia biashara.

Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu nimekwisha kuuficha miaka mingi. Tangu siku Mama alipoletwa nilimwona anavyokaa. Popote nilipomweka, baada ya muda mwili wake ulikuwa umegeuka kuelekea mlango wa mashariki, upande wa barabara ya kwenda bandarini. Nilijua anataka kwao. Lakini kule hakukuwa na daktari wala dawa za presha, na mimi nisingeweza kufunga duka nikahamia Mbuchi. Basi mwalimu aliposema "mtu" nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Mtu ningeweza kumleta.

Mwalimu ndiye aliyenishauri nijifunze. Aliona nilivyokuwa nikimkimbilia kila siku. "Bibie," akaniambia, "maneno ya mama yako kwako si ya kupitia kinywani mwangu. Kaa naye akufundishe."

Nikakaa. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Asubuhi, kabla ya wateja, Mama alibonyeza kitufe, herufi ikatokea, nami nikaitaja. Nikipatia alishusha kope. Nikikosea alibonyeza ile ile tena na tena hadi skrini ikajaa herufi ya jimu mara thelathini. Alikuwa mwalimu mkali, kama walivyosema wasichana wa Mbuchi, na kwa wiki zile uso wake ulichangamka kidogo. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa ukitaka kucheka. Baada ya herufi akaniletea maneno. Baba. Kuku. Shamba. Mengine yalikuwa ya Kindengereko, lugha ya kwetu, nikawa nayasoma kwa sauti bila kujua maana, na Mama akayasikia kutoka kinywani mwangu kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu. Machozi yalimtoka, lakini alibonyeza neno lingine.

Wakati huo masika ilikuwa imeanza. Mvua ilipiga bati hadi tukawa hatusikii jenereta.

Asubuhi moja aliandika neno fupi peke yake, la herufi tatu: mimu, te, wau. Nikasoma, "Mtu." Akatikisa kichwa. Nikaangalia tena, nikaogopa nimesahau herufi. Mimu, te, wau. Akainua kidole akakigonga kwenye wau. Ndipo nikakumbuka alivyonifundisha siku mbili kabla, kwamba katika mwandiko wake wau ni u na wau ni o, msomaji ndiye anayejua.

"Mto," nikasema.

Akashusha kope. Mimi, kwa haraka na upumbavu, nikachomoa mto nyuma ya mgongo wake nikamwonyesha. Akaufunga mkono, akaufungua, kisha akaupitisha mbele ya uso wake polepole, ukipinda huku, ukipinda kule, ukienda mbali hadi mkono ulipoishia.

"Mto wa kwetu," nikasema. "Unataka ukauone mto."

Alifumba macho, machozi yakashuka upande ule mzima wa uso na upande ule mwingine. Nilikaa chini sakafuni, nikaegemea goti lake. Ilikuwa wiki ya saba tangu aandike maneno yale mara ya kwanza. Wakati anayaandika barabara ilikuwa kavu na boti zilikuwa zikienda kila siku.

Nilituma mtu bandarini. Akarudi na tope hadi mapajani, akasema gari halipiti, sehemu mbili zimekatika. Daktari naye akasema kumtikisa mgonjwa wa presha kwenye njia ile ni kumuua. Kaka akatuma salamu tusubiri mvua ikatike. Nikamweleza Mama yote hayo, akasikiliza. Kisha nikamwambia lile ambalo sikumwambia mtu mwingine.

"Mama, mimi nilijua. Tangu ulipofika nilijua unataka kwenu. Nilijifanya sielewi."

Akavuta kibodi. Aliandika polepole kuliko siku zote, kwa kuwa nguvu zilikuwa zimeanza kumpungua. Nilisoma mwenyewe, bila mwalimu, herufi kwa herufi. Ilikuwa imeandikwa: "Najua. Usilie mbele ya wateja."

Mlangoni alikuwa amesimama mtu na karatasi yake ya kuchapa. Nikajifuta uso kwa upande wa kanga, nikamkaribisha.

Mvua ilikatika baada ya wiki tatu. Nilikubaliana na mwenye pikapu kwamba Jumamosi atatupeleka, nikashona godoro dogo la kulaza nyuma, nikafua nguo za Mama zote. Nilimwambia siku zilizobaki na yeye akazihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, nilipoingia kumgeuza, alikuwa anapumua kwa shida, na jicho moja halikunifuata. Nilituma mtu hospitali. Kabla hajarudi Mama alikuwa amekwisha kunitoka. Nilimtamkia shahada sikioni mimi mwenyewe.

Wapo waliosema azikwe kwao. Mwalimu akasema kumchelewesha maiti si vizuri, na sehemu moja ya barabara ilikuwa bado na maji. Hakuna aliyejua tungefika lini. Wote wakaniangalia, kwa kuwa kaka alikuwa hajafika. Nikasema azikwe hapa. Akazikwa alasiri ile, Kibiti, kwenye mchanga mwekundu mkavu, mbali na maji yoyote. Kaka, aliyetumiwa mtu maalumu alfajiri ile, alifika watu wakifukia. Hakunilaumu. Alishika jembe akamalizia.

Niliendelea na kazi. Kwa miezi kadhaa, nikiwa nachapa kwa kasi yangu, vidole viligusa vile vitufe viwili kwa pamoja bila kukusudia na barua ya mtu ikageuka Kiarabu katikati ya sentensi. Wateja walicheka. Mimi nilirudisha lugha, nikafuta, nikaanza upya. Mwisho nilibandua vile vikaratasi vyekundu, maana utepe ulikuwa umeanza kuchakaa na kunasa vumbi. Vingine vilichanika.

Kiangazi nilipokwenda Mbuchi kuchukua vitu vya Mama nilikuta uani kwake wanawake sita, wengine wana wajukuu, wote waliosoma kwake. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Mtungi ulikuwa na maji safi. Nikauliza nani anaishi humu. Hakuna, wakasema, walikuwa wakifagia kila Ijumaa tangu aondoke, kwa sababu walijua atarudi, na walitaka aikute nyumba kama alivyoiacha. Habari za msiba zilipowafikia hawakuona sababu ya kuacha.

Mmoja wao, mkubwa kuliko wenzake, akaniuliza kama Mama aliweza kusema neno lolote mwishoni.

"Aliandika," nikamwambia. "Alitaka kuja huku."

Yule mkubwa akauliza, kwa upole, bila lawama yoyote ndani yake, "Basi mbona hamkumleta?"

Nilikuwa na majibu yote: barabara, mvua, daktari, herufi moja yenye sauti mbili. Nikasema tu kwamba nilichelewa kusoma. Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea mkeka, tukakaa wote pale ukumbini hadi mwenye boti alipokuja kuniita kwamba maji ya mto yanaanza kupwa.